Bando Pekee Haitoshi: Nusu ya Hadithi ya Yule Kijana wa Mongolia

Kwa simu yangu kuna kozi tatu za mtandaoni nilizoanza na sikumaliza. Ya kwanza ni ya kuandika programu za kompyuta. Ya pili ni ya takwimu. Ya tatu ni historia ya muziki wa Ulaya, na hapo hata sijui nilikuwa nafikiria nini. Zote ni za bure. Zote zinatoka vyuo ambavyo mamangu akisikia nimesoma huko ataita majirani wote wa ploti. Na zote zimekwama wiki ya pili.

Usinicheke. Najua na wewe uko na zako.

Kwa muda mrefu nilijiambia mimi ni mvivu tu. Watu wako na njaa ya elimu, mimi niko na Harvard kwa mfuko na bado naangalia vichekesho. Lakini mwaka huu nimekuwa nikisoma historia ya haya mambo ya kujifunza na watu wa mbali, na sasa nimeanza kushuku kwamba tulisimuliwa vibaya. Wacha nikuonyeshe.

Nitaanza na kijana mmoja maarufu. Mwaka 2012 chuo cha MIT, Marekani, kilifungua kozi ya saketi na elektroniki kwa yeyote duniani mwenye intaneti. Haikuwa kozi ya kuchezea, ni ile ile wanafunzi wao wenyewe hutoka jasho nayo. Watu kama 155,000 walijiandikisha. Waliofika mwisho wakapita walikuwa 7,000 na kidogo, yaani hata watu 5 kwa kila 100 hawafiki. Waliopata alama zote bila kukosa hata moja walikuwa 340. Mmoja wao alikuwa Battushig Myanganbayar, mvulana wa miaka 15 kutoka Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia. Baadaye MIT yenyewe ikampa nafasi ya kusoma huko.

Hadithi hiyo ilizunguka dunia nzima, na mara nyingi husimuliwa hivi: kulikuwa na kijana, kulikuwa na intaneti, kijana akawa na bidii, mwisho. Na ukiisimulia hivyo, funzo lake ni kali sana kwetu. Kama yeye aliweza na wewe uko na simu na bando, basi ukishindwa shida ni wewe.

Sasa sikiliza nusu ya pili. Mwalimu mkuu wa shule ya Battushig, Enkhmunkh Zurgaanjin, alikuwa Mmongolia wa kwanza kuhitimu MIT. Yeye ndiye aliyeileta hiyo kozi shuleni, na wanafunzi kama 20 wakaifanya pamoja. Kisha akamwita rafiki yake waliyesoma naye, Tony Kim, ambaye wakati huo alikuwa akisomea uzamifu Stanford. Huyo jamaa alifunga safari hadi Mongolia na vifaa vya maabara, akakaa na hao watoto wiki 10 wakishika nyaya na vipimo kwa mikono yao. Na Battushig mwenyewe, akishaelewa somo, alikuwa anarekodi video kwa Kimongolia kuwaelezea wenzake, kisha anaziweka mtandaoni.

Umeona? Kijana tuliyeambiwa alifanya peke yake alikuwa na mwalimu aliyeijua njia, mgeni aliyekuja na vifaa, na mbogi ya watu 20 wanaohangaika na swali moja. Kipaji alikuwa nacho, sibishi. Lakini hata mbegu nzuri inataka mtu wa kuimwagilia maji.

Nikajiuliza kama huyo ni yeye tu. Nikarudi nyuma, nyuma sana, hadi kabla ya umeme.

Mwaka 1840 huko Uingereza, mwalimu Isaac Pitman alikuwa amebuni mfumo wa hati mkato, ule wa kuandika kwa kasi watu wakiongea. Mwaka huo huo posta ya Uingereza ilianza kutuma barua popote nchini kwa peni moja. Pitman akaona nafasi. Akawa anawatumia wanafunzi wa mbali kadi zenye mazoezi, wao wanafanya, wanamrudishia, naye anasahihisha na kuwarudishia tena. Hapo kwa kusahihisha ndipo penyewe. Angeweza kuchapisha kitabu akauza, amalizane nao. Lakini kadi yako ilikuwa inarudi na kosa lako limepigwa mstari. Mtu aliyekuwa mbali alikuwa amekusoma.

Ruka miaka mia moja na zaidi, uje Afrika. Chuo cha UNISA cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Miongoni mwa waliosoma kwa njia hiyo ni wafungwa wa kisiasa wa kisiwa cha Robben. Nelson Mandela alikamilisha shahada yake ya sheria ya UNISA mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Tena watu huisimulia kama hadithi ya mtu mmoja na mshumaa wake. Lakini wafungwa wa Robben walikuwa wanafundishana. Mchana walipelekwa kwa machimbo ya chokaa, jua linawapiga machoni, na huku wakichimba, aliyejua historia alifundisha historia, aliyejua uchumi alifundisha uchumi. Aliyesoma sana alimsaidia ambaye hakuwahi kumaliza shule ya msingi. Wakuu wa gereza waliweza kukunyang'anya ruhusa ya kusoma wakitaka, lakini hawakuweza kunyang'anya kile mwenzako alikuwa ameshakuambia. Wenyewe wakaita hapo mahali chuo kikuu.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha mradi unaoitwa African Virtual University, na Chuo Kikuu cha Kenyatta, hapo tu barabara ya Thika, kilikuwa kati ya vituo vya kwanza. Mhadhiri alikuwa ng'ambo, picha yake inakuja kwa setilaiti, wanafunzi wameketi hapa mbele ya skrini. Ukiwa na swali, unapiga simu au unatuma faksi. Faksi, wazee! Wewe unamwona yeye, yeye hakuoni. Elimu inashuka kutoka juu kama mvua, na kazi yako ni kushika ndoo.

Lakini huo mradi haukubaki hivyo. Mwaka 2002 makao yake makuu yalihama kutoka Washington yakaja Nairobi, na mwaka 2003 Kenya, Senegal, Mali, Mauritania na Côte d'Ivoire zikatia sahihi ili uwe shirika la nchi za Afrika zenyewe. Baadaye wahadhiri wa vyuo vya Afrika waliandika wenyewe masomo ya hesabu na sayansi kwa ajili ya walimu, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kutoka kushika ndoo hadi kuchimba kisima. Mimi hiyo sehemu sikuwahi kufundishwa popote, na ofisi zilikuwa hapa hapa mjini.

Halafu ikaja 2009. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ilikuwa ghali na inatambaa kama kobe. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, TEAMS na SEACOM, na mambo yakaanza kubadilika. Baada ya miaka miwili, mwaka 2011, walimu wawili wakafungua kozi ya Stanford ya akili mnemba kwa dunia nzima na watu kama 160,000 wakajisajili. Mwaka 2012 Coursera na edX zikazaliwa. Kila mtu akasema sasa mlango umefunguka. Na hapa kwetu siasa ikashika wimbo huo huo: mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu za watoto wa darasa la kwanza, na vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 vikawa tableti.

Sina shida na nyaya wala tableti. Bila hizo nyaya singekuwa naandika hapa. Shida yangu ni kwamba tulihesabu vifaa, tukasahau kuhesabu watu. Pitman alikuwa na posta na alama ya kalamu. Robben kulikuwa na posta na wenzako machimboni. Ulaanbaatar kulikuwa na intaneti, mwalimu na mbogi. Sisi tukapewa kifaa tukaambiwa haya, faulu.

Na tulionja hiyo mwaka 2020. Shule zilipofungwa katikati ya Machi nilikuwa kidato cha tatu, na hatukurudi hadi Januari 2021. Mwalimu wetu wa hesabu alifungua grupu ya WhatsApp, tukawa zaidi ya hamsini humo. Anatuma picha za noti, sisi tunajibu asante mwalimu. Siku moja nikauliza swali la logi. Alama mbili, zikawa bluu, kimya. Simlaumu. Alikuwa na watoto wake nyumbani, bando ananunua kwa pesa zake, na sisi tulikuwa wengi. Lakini nakumbuka nilivyoiangalia hiyo simu. Sikuwahi kuuliza tena.

Aliyeniokoa alikuwa jirani wa ghorofa ya juu, dada aliyekuwa kampasi naye amerudishwa nyumbani. Tulikuwa tunakaa kwa ngazi za ploti, yeye juu mimi chini, barakoa kwa uso, daftari kwa magoti. Noti zilikuwa zile zile za kwa simu. Tofauti ni kwamba nikikosea alikuwa anasema, "Hebu rudi hapo. Umefika aje hapo?" Hakuna video imewahi kuniuliza hivyo.

Kwa hivyo mwezi wa tatu mwaka huu nilifanya jaribio. Nilifungua tena ile kozi ya takwimu, na kabla hata ya kugusa somo nikaenda pale wanafunzi wanapoulizana maswali, nikaandika kwa Kiswahili: kuna mtu hapa anaelewa lugha hii, tusome pamoja? Nilidhani nitachekwa. Wakajibu watatu. Msichana wa Eldoret, kijana wa Mwanza, na Mkongomani wa Bukavu anayeishi Toronto. Sasa tunapatana kila Jumapili saa tatu usiku, ambapo kwa ndugu yetu wa Toronto ni mchana na unasikia watoto wake wakipiga kelele nyuma.

Kuna mahali sote tulikuwa tumekwama, pale pa kupima jinsi namba zinavyotawanyika mbali na wastani. Huyo wa Mwanza, mama yake huuza samaki. Akasema hivi: siku moja mnapata sangara kumi wote wa kilo mbili. Siku nyingine mnapata tisa wadogo wa kilo moja moja na mmoja mkubwa wa kilo kumi na moja. Wastani ni ule ule, kilo mbili. "Lakini Mama akiangalia beseni anajua siku hizo mbili si sawa. Ule utofauti ndio tunaupima." Nilikuwa nimeangalia hiyo video ya profesa mara nne. Samaki walimaliza kazi kwa dakika moja.

Tuko wiki ya saba sasa. Msichana wa Eldoret alipotea wiki mbili, simu ilikuwa imeharibika, tukamngoja na tukarudia masomo naye. Sijui kama wote tutamaliza. Lakini wiki ya pili tumeivuka, na mimi peke yangu sijawahi kuivuka.

Maoni yangu ni haya. Mtu akikuambia vijana wa Kenya wamepewa intaneti na hawataki kusoma, muulize nani yuko upande ule mwingine anayesahihisha kadi. Serikali ikinunua vifaa, tuulize wamepangwa walimu wangapi wa kukaa na hao watoto wakikwama, na bando ya huyo mwalimu analipa nani. Na wewe mwenye kozi imekwama, kabla ya kujiita mvivu, tafuta watu wawili tu. Wanaweza kuwa kwa ploti yenu, wanaweza kuwa Bukavu. Waulize mahali wamekwama, kisha uwaambie mahali umekwama wewe.

Ile kozi ya muziki wa Ulaya bado iko kwa simu. Kama kuna msee ameikwama pia, tuongee.