Muuguzi na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote: Mtazamo kutoka Kata ya Masanze, Kilosa

Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanzishwa katika hospitali za umma mwaka 1993, muuguzi alijikuta kati ya mgonjwa na ada. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga mwaka 1996 na kutungiwa sheria mwaka 2001, ulikusudiwa kupunguza mzigo huo vijijini. Hata hivyo, uanachama ulikuwa wa hiari. Na mkulima wa Masanze hupata fedha kwa msimu, ilhali maradhi hayana msimu. Sheria iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 iliifanya bima kuwa wajibu wa kila mkazi wa Tanzania Bara. Muuguzi anayeitetea hana budi kudai pia dawa na watumishi wa zahanati, kwani kadi peke yake haitibu.