Bustani ya mboga mjini Bujumbura

Bustani ya mboga ya mjini ni kipande kidogo cha ardhi kinacholimwa na mkazi wa mji kwa ajili ya jiko lake kwanza, na ziada ikipatikana, kwa kuuza. Mjini Bujumbura bustani hizi zipo nyuma ya nyumba, kwenye viwanja ambavyo wenyewe hawajaanza kujenga, kandokando ya mito kama Ntahangwa na Kanyosha, na kwa wingi zaidi upande wa kaskazini, kuanzia Buterere kuelekea bonde la Rusizi. Katika nchi kadhaa za Ulaya vipande vya namna hii hugawiwa na manispaa: Uingereza ina sheria yake tangu mwaka 1908, na kipimo kilichozoeleka huko ni mita za mraba 250 hivi. Bujumbura haina mgao kama huo. Anayeanza hupata ardhi kwa kuelewana na mwenyewe, na mara nyingi hajui ataikalia kwa muda gani. Ndiyo maana mboga zinazomfaa ni zile zinazokomaa upesi.

Faida yake haiishii kwenye pesa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016–2017 ulikuta watoto 56 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini Burundi wamedumaa. Majani ya mboga peke yake hayamalizi tatizo hilo, lakini yana vitamini A na madini ya chuma ambayo sahani ya ugali na maharage haitoshelezi, na familia inaweza kuyapata bila kusubiri msaada wa mtu.

Tambarare na mlima

Bujumbura iko kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, katika tambarare ya Imbo, mita 774 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto la wastani ni nyuzi 24 hadi 25 mwaka mzima. Mvua huanza kati ya Septemba na Oktoba, huendelea hadi Mei, kisha hufuata kiangazi kikavu. Wakulima wa Burundi hugawa mwaka katika misimu mitatu: Agatasi, inayoanza na mvua za Septemba, Impeshi, kuanzia Februari, na Ici, msimu wa kiangazi, ambao hulimwa mabondeni au penye maji ya kumwagilia tu.

Mwendo mfupi kwa gari kutoka mjini, barabara kuu namba moja inapanda hadi Bugarama, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Huko ni baridi, na kandokando ya barabara hupangwa karoti, kabichi na vitunguu vya majani vinavyoshushwa kila siku kwenda sokoni mjini. Anayeanza huziona mboga hizo, huzipenda, hununua mbegu zake na kuzipanda kwenye joto la mitaa ya mjini kama Kinindo au Kinama. Kabichi hukawia kufunga, au hufunga kichwa kidogo kilichotobolewa na viwavi, na baada ya miezi mitatu ya kumwagilia mtu amevuna kitu ambacho angekinunua sokoni kwa bei nafuu. Mboga za mlimani ziachiwe mlima. Tambarare ina zake: lengalenga (mchicha), matembele, bamia, biringanya, nyanya chungu, pilipili, na sombe kwa mwenye nafasi ya kupanda mihogo. Hizi hupenda joto, na nyingi zimelimwa pwani ya ziwa hili kwa vizazi.

Kuchagua mahali

Kabla ya kuchukua kiwanja cha mtu, mapatano yafanywe mbele ya mashahidi, au kwa barua fupi anayoijua shefu wa mtaa: nani analima, hadi lini, na mwenyewe akitaka kujenga atatoa muda gani wa kuvuna. Muda wa miezi miwili unatosha kwa mboga za majani. Kwa biringanya hautoshi.

Ufukwe wa ziwa unavutia kwa sababu maji yako karibu, lakini sheria ya maji ya mwaka 2012 inalinda ukanda wa mita 150 kutoka ziwani, na ziwa lenyewe hupanda. Mwaka 2021 na tena 2024 maji yaliingia katika makazi na mashamba ya Gatumba na Kibenga. Mito nayo si ya kuaminiwa: mafuriko ya Februari 2014 kaskazini mwa mji yaliua makumi ya watu. Kuna pia viboko. Usiku hutoka ziwani kula majani, na kiboko mmoja huweza kumaliza kilo 40 hivi kwa usiku mmoja. Ua wa miti myembamba haumzuii. Anayelima karibu na ufukwe asiende bustanini gizani, hata kama mboga zinaliwa.

Maji

Hili ndilo linaloamua ukubwa wa bustani. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Katika kiangazi cha Imbo udongo na majani hupoteza karibu milimita 5 kwa siku, kwa hiyo tuta la mita za mraba 10 linataka lita 50 hivi, yaani bidoni mbili na nusu za lita 20, kila siku. Mwenye matuta manne anabeba bidoni kumi. Maji ya bomba ya REGIDESO, shirika la maji na umeme, hukatika, na kuyatumia kwa bustani nzima ni gharama. Ni heri kuanza na tuta moja au mawili yanayoshiba maji kuliko kulima kiwanja kizima kikakauka Julai.

Maji yapunguzwe kwa kufunika udongo. Mashine za kukoboa mpunga wa Imbo huacha makumvi mengi, na safu ya vidole viwili ya makumvi juu ya tuta huzuia jua na magugu. Kumwagilia kufanywe asubuhi mapema au jioni. Wakati wa mvua tuta liinuliwe ili maji yapite. Wakati wa kiangazi lichimbwe chini kidogo kuliko njia ili maji yakae.

Mito midogo na mifereji ya mjini hubeba maji taka. Mboga inayoliwa mbichi, kama saladi, isimwagiliwe maji hayo kabisa. Lengalenga inayopikwa ina hatari ndogo, lakini maji yaelekezwe kwenye udongo, yasimwagwe juu ya majani, na siku chache kabla ya kuvuna yatumike maji safi.

Udongo

Karibu na ziwa udongo ni mchanga. Kuelekea milimani ni mfinyanzi mzito. Upande wa Rusizi kuna sehemu zenye chumvi, na dalili yake ni unga mweupe unaobaki juu ardhi ikikauka. Hapo anayeanza atafute kiwanja kingine. Mchanga na mfinyanzi vyote hurekebishwa na mbolea ya kuoza: samadi ya mbuzi au ya kuku, mabaki ya mboga ya sokoni, majani ya migomba. Samadi ya kuku isiwekwe mbichi, huunguza mizizi. Irundikwe na majani makavu, ilowanishwe na kugeuzwa kwa miezi miwili au mitatu. Ndoo moja kwa kila mita ya mraba ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Lengalenga

Ukimwuliza mkulima yeyote wa Buterere mgeni aanze na nini, ni vigumu kusikia jibu jingine, na mwandishi wa makala hii anakubaliana naye. Lengalenga hutumia jua kali vizuri kuliko mboga nyingi, humea haraka, na hupikwa kila nyumba, hasa kwa mawese na ndagala.

Mbegu yake ni nyeusi, inang'aa, na ni ndogo mno: gramu moja ina zaidi ya elfu moja. Ikimwagwa yenyewe huangukia rundo moja. Huchanganywa na konzi kadhaa za mchanga mkavu, kisha hunyunyizwa kwenye mistari iliyoachana sentimita 20, na kufunikwa na udongo laini usiozidi sentimita moja. Juu huwekwa nyasi kavu chache. Siku ya tatu hadi ya tano miche huchomoza ikiwa na rangi ya waridi kidogo kwenye shina, na nyasi lazima ziondolewe siku hiyohiyo. Zikiachwa, miche hurefuka, hulala na kuoza chini. Baada ya wiki mbili hupunguzwa, na ile inayong'olewa huliwa.

Wiki ya nne mmea una kimo cha sentimita 20 hadi 25. Anayeuza kwa mafungu hung'oa mzima na mzizi wake. Anayelima kwa ajili ya jiko hukata juu ya pingili ya tatu kwa kisu kikali, na machipukizi ya pembeni hutoka. Baada ya siku saba hadi kumi hukata tena. Mmea ukianza kutoa maua majani hukakamaa, na muda wa kupanda upya umefika. Busara ni kupanda nusu ya tuta, kungoja wiki mbili, kisha kupanda nusu ya pili.

Maradhi na wadudu

Kwenye mchanga wenye joto adui mkubwa haonekani. Nyanya au biringanya ikidumaa na kunyauka mchana ingawa imemwagiliwa, ing'olewe: mizizi yenye uvimbe kama shanga zilizotungwa ni kazi ya minyoo fundo. Hapo nyanya, biringanya, pilipili na nyanya chungu, ambazo ni ukoo mmoja, zisirudi kwa angalau misimu miwili. Nyanya ina shida zaidi tangu nondo kantangaze, mwenye asili ya Amerika Kusini, aingie Kenya na Tanzania mwaka 2014 na kuenea katika ukanda huu. Anayeanza aache nyanya hadi mwaka wa pili.

Wasio na kiwanja

Katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza nyua ni finyu, na hapo gunia linatosha. Hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, katikati yake ikisimamishwa nguzo ya mawe madogo ya kupitisha maji, na miche hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni.

Mbegu

Maduka ya mjini huuza mbegu za pakiti. Katika nyanya chungu, aina ya Tengeru White kutoka Arusha imeenea Afrika Mashariki. Mbegu chotara zisihifadhiwe, kwa kuwa kizazi cha pili hakifanani na mama. Lengalenga haina shida hiyo: mimea miwili mitatu iliyo bora huachwa itoe suke, hukatwa mbegu zikiwa nyeusi, hukaushwa kivulini na kupurwa juu ya kitambaa, na suke moja hutosha tuta zima la msimu unaofuata.