Ufa wa Ukuta na Mzigo wa Ushahidi: Kutoka Mpanda hadi Ruhr

Reli ya Kaliua hadi Mpanda haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilifika Mpanda mwaka 1950 ikifuata risasi iliyokuwa ikichimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals, pamoja na fedha, shaba na dhahabu zilizochanganyika katika mawe yaleyale. Mwaka 1960 uchimbaji huo ukakoma. Kampuni ikaondoka, reli ikabaki, mji ukabaki, na mashimo, ambayo hayasafirishwi, yakabaki pia. Leo Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, na uchimbaji mdogo wa dhahabu unaendelea.

Historia ya madini yetu imezoea kuhesabu tani na mrabaha. Swali la mwenye nyumba huulizwa kwa nadra: ardhi ikitobolewa chini, kisha ikatikisika au kutitia juu, nani atalipia ukuta uliopasuka?

Kwa maandishi, jibu lipo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya mkazi kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba, na inamwajibisha kufidia uharibifu wa mazao, miti na majengo. Ugumu unaanzia kwenye Sheria ya Ushahidi: anayedai ndiye anayethibitisha. Geita, ambako wakazi wa jirani na mgodi wamelalamika kwa miaka mingi kwamba ulipuaji unapasua nyumba zao, mabishano yamekuwa hayohayo. Ufa una wazazi wengi. Udongo wa mfinyanzi huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Msingi huenda ulikuwa mfupi. Tofali huenda hazikuiva. Mgodi una vipima mitetemo, ramani za njia za chini na kumbukumbu za kila mlipuko. Mwenye nyumba ana picha kwenye simu, nayo haisemi ukuta ulikuwaje kabla ya baruti ya kwanza. Huo nauita usawa wa mizani iliyowekewa jiwe upande mmoja.

Wengine walipita njia hii. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1957 iliyolibebesha shirika la taifa la makaa ya mawe wajibu wa kukarabati nyumba zilizoharibiwa na kutitia kwa ardhi. Ujerumani, yenye miji ya Ruhr iliyojengwa juu ya mahandaki, ilikwenda mbali zaidi katika sheria ya mwaka 1980. Nyumba ikiwa ndani ya eneo linaloathiriwa na mgodi wa chini, na uharibifu ukiwa wa aina inayoweza kusababishwa na mgodi, sheria inadhania kwamba mgodi ndio chanzo. Kampuni ndiyo ithibitishe vinginevyo. Sheria hiyohiyo iliweka msingi wa mfuko wa fidia, kwa siku ambayo kampuni itashindwa kulipa.

Dhana hiyo, pamoja na ukaguzi wa lazima wa nyumba kabla ya ulipuaji kuanza, inaweza kuingizwa katika sheria yetu kwa vifungu viwili tu. Mfuko ndio mgumu zaidi, na kwa Mpanda ndio wenye maana zaidi: kampuni ya risasi haipo tangu kabla ya Uhuru, na mchimbaji mdogo akihama duara lake, mwenye nyumba hana mlango wa kubisha.