Kamba ya Filimbi ya Mlinzi

Juma hili tutazame kitu kidogo ambacho wengi wetu hatukitupii jicho: kamba ya filimbi.

Kwa Mrombo, kule kusini mwa Jiji la Arusha, wengi wanapajua kwa nyama choma. Jina lenyewe linaeleza mji wetu ulivyojengeka. Ni kwa mtu wa Rombo, lakini jioni utamkuta Mwarusha, Mmeru, Mchaga, Mrangi na Mnyaturu wakingoja mbavu katika foleni moja. Wateja wakishaondoka, eneo hubaki mikononi mwa watu wenye makoti marefu, rungu, tochi na mbwa. Hebu tazama shingoni mwa mlinzi kama huyo. Filimbi imening'inia kwenye kamba ya kiatu, au kwenye ile kamba bapa iliyobeba kitambulisho cha semina fulani, au kwenye kipande cha katani alichokisuka mwenyewe akiwa lindoni. Kamba hiyo ya tatu ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Filimbi yenyewe ni mgeni wa juzi. Polisi wa London walikuwa wakiitana usiku kwa kutikisa chombo cha mbao chenye kelele, mpaka Joseph Hudson wa Birmingham alipowatengenezea filimbi mwaka 1883. Sauti yake ilisikika kwa zaidi ya maili moja. Ikasafiri na dola ya Kiingereza kila ilikokwenda, ikafika huku ikiwa mfukoni mwa askari, mdomoni mwa mwamuzi wa mpira na shingoni mwa skauti. Skauti walianza Zanzibar mwaka 1912 na Tanganyika mwaka 1917, na ndio waliowafundisha vijana wengi wa shule kufunga mafundo kwa utaratibu. Mzee yeyote aliyepita huko, mpe kamba mkononi uone vidole vyake vinavyokumbuka.

Kamba, kwa upande wake, ni mwenyeji. Bonde maarufu la Olduvai, katika mkoa huu huu wa Arusha, limepata jina kutokana na neno la Kimaasai, oldupai, yaani mkonge pori. Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alipopita hapo mwaka 1911 alilisikia vibaya, akaandika alivyosikia, na dunia nzima ikamfuata. Mmea huo una majani marefu magumu yenye nyuzi ndani. Wafugaji walizitumia nyuzi hizo kufungia vitu, na hata kufungia majeraha, zamani kabla hapajawa na duka la kamba.

Halafu ukaja mkonge mwingine, ule wa biashara. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Mingi ilifia njiani. Iliyofika hai Tanga ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaota mashamba ya Tanga, Pangani, Korogwe, Morogoro na Kilosa, na Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani.

Hapa tusimame kidogo, maana mkonge haukujikata wenyewe. Waliukata manamba, watu walioitwa kwa namba badala ya jina. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, ikachota vijana kutoka Kigoma, kusini na hata Rwanda na Burundi. Mtu alipewa kipande cha siku 30, akakata majani, akayafunga mizigo, mzigo mmoja majani 30, na nyapara akahesabu. Majani yakaenda kwenye korona, ile mashine ya kusaga inayotoa singa nyeupe na kuacha maji machafu yanayowasha ngozi. Katika miaka ya 1950 watu zaidi ya 100,000 walikuwa katika kazi hiyo. Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961, mkonge ndio uliokuwa ukiongoza kwa kuingiza fedha za kigeni.

Singa hizo zilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilipakiwa melini ikiwa ghafi. Huko Ulaya na Marekani viwanda viliisokota ikawa kamba za kufungia ngano na majani ya mifugo wakati wa mavuno. Ni kweli, Ngomeni mkoani Tanga tulikuwa na kiwanda chetu cha kamba. Lakini kwa sehemu kubwa mkulima wa Kansas ndiye aliyeijua kamba ya Tanga kuliko kijana wa Tanga aliyekatwa vidole na miiba yake. Mwaka 1964 tulivuna karibu tani 230,000. Kisha ikaja kamba ya plastiki, nyepesi, isiyooza, ya bei rahisi, na bei ya mkonge ikaporomoka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likayakuta mashamba tayari yana homa. Wengine hupenda kuulaumu utaifishaji peke yake kwa kuua mkonge. Mimi nasema mgonjwa alikuwa kitandani kabla daktari huyo hajaingia, ingawa dawa aliyopewa haikumsaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno ya mwaka hayakufikia hata tani 40,000.

Wakati kamba yetu inashuka, filimbi ilikuwa inapanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa Shinyanga na Tabora, wakiwa wamechoshwa na wezi wa ng'ombe, waliunda sungusungu. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa, walinzi hao wakatambuliwa. Mwaka uliofuata Augustine Mrema, Waziri wa Mambo ya Ndani, akahimiza ulinzi huo uingie mijini. Baba mwenye nyumba, mwalimu, fundi cherehani, wote wakapangiwa zamu. Silaha ya wengi wao ilikuwa rungu na filimbi, basi. Na filimbi iliyo mfukoni, chini ya koti, chini ya sweta, haitoki upesi mtu anapokuruka kutoka nyuma ya ukuta. Ndipo kamba inapokuwa na maana.

Wapo wanaouliza habari ya filimbi ya mbwa, ile isiyosikika na binadamu. Ipo. Mwingereza Francis Galton aliibuni mwaka 1876. Sikio letu linakomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, la mbwa linafika kama 45,000. Kwa mwenye kufundisha mbwa kazi za utulivu inafaa. Hapo Usa River, chini ya Mlima Meru, katikati ya miaka ya 2010 shirika la African Wildlife Foundation lilianza kufundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu kwenye bandari na viwanja vya ndege. Kwa mlinzi wa Kwa Mrombo, hata hivyo, sishauri filimbi hiyo. Yeye anataka mbwa asikie, jirani asikie, na mwizi naye asikie.

Sasa tuitengeneze kamba yenyewe. Kata nyuzi tatu za katani, kila moja mita moja na nusu, kwa sababu msuko hula urefu, na utabaki na kama mita moja. Zifunge pamoja ncha moja, ipachike kwenye msumari, kisha suka kama wanavyosuka nywele, ukibana kila hatua. Katani kavu inachoma shingo. Ilowanishe kwanza, ukimaliza isugue kwa nta au kipande cha mshumaa, nayo italainika na kustahimili mvua za Machi. Ukitumia nailoni, choma ncha kwa kiberiti zisifumuke, na funga fundo mara mbili, maana nailoni inateleza.

Kunja msuko katikati. Pitisha kile kikunjo kwenye pete ya filimbi, halafu pitisha filimbi yenyewe ndani ya kikunjo, uvute. Juu yake kidogo piga fundo moja linaloshika pande zote mbili. Pima urefu ukiwa umevaa: filimbi ikae mwisho wa kifua. Ikifika kitovuni, ukikimbia itakupiga meno au itanasa kwenye seng'enge.

Zimebaki ncha mbili za nyuma ya shingo, na hapa ndipo wengi wanapojitafutia kaburi. Wanazifunga kwa fundo la kufia. Mwizi akikamata kamba hiyo kutoka nyuma, ameshika roho yako. Mbwa naye akirukia kwa furaha na kunasa kucha, mtaanguka wote wawili. Zifunge ncha hizo kila moja peke yake zisifumuke, kisha ziunganishe kwa uzi wa cherehani uliozungushwa mara mbili tatu, si zaidi. Uzi huo unatosha kabisa kubeba filimbi, lakini hauwezi kubeba mtu.

Kabla ya kwenda lindoni, itundike kwenye msumari uivute kwa nguvu. Ikikatika pale penye uzi, imetengenezwa sawasawa. Funga uzi mwingine, uvae, uende zamu.