Ukungu, kuvu au utando?

Ikinga, wilayani Ileje, neno ukungu halihitaji kamusi. Asubuhi ya baridi hutanda vilimani, jua likipanda unaondoka wenyewe. Ndiyo maana mwenye kamera ya zamani ya kukunja, tuseme Agfa Isolette, akisema "lenzi ina ukungu", msikilizaji hudhani dawa ni kuianika. Wapi!

Ukungu pia ni zile nyuzinyuzi zinazoota kwenye mkate uliolala, yaani kuvu. Nayo kuvu huota hata juu ya kioo. Lakini weupe unaofifisha picha mara nyingi si mvuke wala kuvu: ni mafuta ya grisi iliyozeeka, yaliyopaa kidogo kidogo na kuganda kwenye vioo vya ndani. Huo, kwa maoni yangu, uitwe utando. Neno tunalo, limetoka kwenye kitenzi tanda, na ni ndugu wa mtandao.

Tofauti hii si ya wanakamusi tu. Utando hufutika: fungua kipande cha mbele cha lenzi, ukiwa umekwisha kuweka alama kilipokaa, la sivyo vipimo vya umbali vitapotea, kisha futa taratibu kwa spiriti na kitambaa laini. Kuvu iliyokwisha kula kioo huacha makovu ya kudumu.

Basi ukiuziwa kamera kama hiyo, Tunduma au kwingineko, mulika tochi kupitia lenzi kabla hujatoa pesa, na umuulize muuzaji ni ukungu upi anaousema.