Supu ya pweza

Supu ya pweza ni supu nyepesi ya pwani ya Afrika Mashariki, yenye rangi ya zambarau. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa huuzwa barabarani jioni kwa vikombe, pamoja na vipande vya minyiri vya kuchoma kwa njiti. Nyumbani wengi huiogopa bure, wakidhani pweza hawezi kulainika.

Pweza wa miamba ya pwani hii ni hasa yule wa spishi *Octopus cyanea*, ambaye wanawake humchokoa mashimoni wakati wa bamvua, maji yakipwa. Kumwandaa si kazi kubwa. Kichwa hugeuzwa ndani nje, matumbo na mfuko wa wino hutolewa, kisha mdomo wake mgumu, mfano wa kasuku, husukumwa kwa kidole gumba hadi uchomoke katikati ya minyiri. Ute husuguliwa kwa chumvi ya mawe na ndimu. Wavuvi humpigapiga mwambani ili alainike; asiye na mwamba amgandishe kwenye friza usiku kucha, barafu itafanya kazi ileile.

Kosa kubwa ni kumjazia maji. Pweza ana maji mengi mwilini, na akipata moto huyaachia na kunywea hadi karibu nusu ya uzito wake. Hivyo hubandikwa na kikombe kimoja tu cha maji, kwa moto mdogo, sufuria ikiwa imefunikwa. Punde minyiri hujikunja, ngozi huiva wekundu, na supu hupanda yenyewe. Ugumu wake ni wa kolajeni, nayo huyeyuka polepole: mdogo huhitaji kama dakika 45, wa kilo mbili huweza kupita saa moja na nusu. Kisu kikizama kwenye shina la mnyiri bila kushindana, ameiva.

Ndipo hutiwa tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga. Chumvi huja mwisho kabisa, baada ya kuonja, kwa kuwa maji ya pweza tayari yana chumvi ya bahari. Ndimu hukamuliwa mezani. Ukitia tui la nazi umepika mchuzi, chakula kingine kabisa.

Sifa ya kuongeza nguvu za kiume, ambayo wauzaji hawachoki kuitangaza, haijathibitishwa kisayansi. Protini, madini ya chuma na vitamini B12 zimo kweli, kwa wanaume na wanawake sawia.

Sokoni, mkatae pweza mdogo: kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza kuvua aliye chini ya gramu 500.