Sikukuu ya Miti, Sisi Tuko Mathare

Wasee, mnakumbuka 10 Mei 2024? Serikali ilitangaza sikukuu ya ghafla, nchi nzima ipande miti kukumbuka waliokufa kwa mafuriko. Mbogi yetu ya Huruma ilishinda Mathare, tukipanga misaada kwenye ukumbi wa kanisa. Nguo zilikuwa mlima (kuna mtu alileta suti ya harusi, manze). Sufuria, magodoro na pedi ndizo ziliisha kabla ya saa sita.

Nilipompa mama mmoja blanketi, aliniuliza, "Nitalitandika wapi, kijana wangu?"

Swali poa. Mto ulivunja kingo 24 Aprili, lakini nyumba nyingi zilizostahimili maji ziliangushwa na tingatinga wiki chache baadaye, kwa amri ya watu kuhama mita 30 kutoka mtoni.

Na hii si stori ya juzi. Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walibomoa Mathare wakisaka Mau Mau. Baada ya uhuru watu walirudi wakajenga upya, bondeni palepale. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema "si walijua ni mtoni?", muulize baada ya 1963 walionyeshwa ploti gani ingine.